Mstari Mmoja Juu ya Kosa

Newport News, Virginia
Jumapili, baada ya ibada

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kabla hujakaa sawasawa kitini, kabla hujavaa hata hiyo miwani yako iliyofungwa uzi, pokea habari: bahati imemwangukia mwanao Hosea kama tufaha bivu, nami nilikuwa nimekwisha fungua mdomo. Nimepata kazi. Si kazi ya kubeba magunia wala kufagia gati. Mimi sasa ni mpishi mkuu wa hoteli moja kule Norfolk, hoteli ya watu weusi wenye pesa zao, yenye zulia mpaka kwenye ngazi. Nina wapishi watatu chini yangu, kofia nyeupe ndefu kama mnara wa kanisa, na chumba changu mwenyewe juu ya jiko, dirisha linatazama maji. Mwenye hoteli alionja mchuzi wangu wa kaa, akaweka kijiko chini, akaniuliza siku zote hizi nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikuwa Marseille, Naples na Dakar, nafundisha watu kula. Basi usinihofie tena. Hata mguu umepona, natembea kama bwana harusi.

Sasa nirudi kwenye adabu. Hujambo wewe? Kile kikohozi cha majira ya baridi kimekuacha, au bado mnalala chumba kimoja? Kuku wanataga? Najua barua yangu unaisoma kwa sauti hapo barazani, na Shangazi Dicey ameketi pembeni akijifanya anamenya njegere. Shangazi, shikamoo na wewe. Endelea na njegere. Huku kwetu tu wazima, kwa maana ya kwamba hakuna aliyelala kitandani. Lakini usingizi, Mama, huo umekuwa haba katika nyumba hii, na sababu yake nitakueleza.

Barua hii si ya hoteli tu, ni ya Arvella. Binti yako amepewa mpaka Ijumaa ijayo kujibu jambo moja huko kazini kwake, na jibu lenyewe liko mikononi mwako, si mwake. Ndiyo maana nakuomba usome mpaka mwisho, hata macho yakikuuma.

Kanisani wewe huwaambia watu kwamba Arvella ni karani wa serikali. Mama, Arvella si karani. Nilikwisha kukueleza mara moja ukanijibu kwamba nimerudia ulevi. Nitajaribu tena. Wapo watu hapa wanaotengeneza chombo cha kumpeleka mtu juu kupita mawingu, kikamzungusha dunia hii yote na kumrudisha chini akiwa hai. Wanaume ndio wanaokijenga, wanakipaka rangi, wanapigwa picha pembeni yake. Ila kikishafika kule juu, hakuna barabara, hakuna reli, hakuna kibao cha kukuonyesha njia ya Raleigh. Barabara yake ni hesabu. Na anayeichora barabara hiyo ni yule mtoto wako aliyekuwa akikataa kula bamia.

Wewe unamkumbuka akiwa mdogo kwenye mnada wa tumbaku. Baba alikuwa akimketisha juu ya mzigo, na mnunuzi mzungu akipindisha jumla, Arvella anamvuta Baba suruali. Akivuta mara moja, kosa ni dogo, akivuta mara mbili, kosa ni la kuvunja urafiki. Baba habishani. Anavua kofia, anasema amebadili nia, anageuza nyumbu. Basi ni yuleyule. Alipoingia kazini, wakati wa vita, waliwatenga wanawake weusi katika jengo lao peke yao, na hata meza ya chakula ilikuwa na kibao cha kuwaambia wao ni akina nani, kana kwamba walikuwa wamesahau. Leo kibao hakipo. Yeye yuko chumba kimoja na wahandisi, mwanamke peke yake, mweusi peke yake, akiwauliza maswali mpaka wengine wanatazama saa. Maswali yake huja matatutatu. La kwanza la adabu, la pili la kazi, la tatu ndilo linalokuvua nguo. Hata mimi hunifanyia hivyo nikirudi nimechelewa.

Wana desturi mbili huko, nawe uzishike kichwani kwa sababu nitazirudia. Ya kwanza, hakuna mtu anayehakiki hesabu yake mwenyewe. Ukimaliza karatasi yako unampa mwenzako, naye anaanza upya kutoka mstari wa juu kabisa bila kuchungulia jibu lako, kisha mnalinganisha. Ya pili, hawafuti. Mezani pao raba ni kama chupa ya pombe kanisani. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa, mmoja tu, ili lililo chini lisomeke, unaandika lililo sahihi kando, unatia herufi za jina lako. Nikamuuliza Arvella kwa nini wajiumbue hivyo. Akasema kosa lililofutwa halimfundishi mtu kitu. Nikamwambia basi mimi wasiniajiri, karatasi yangu ingefanana na uzio wa mbuzi.

Mwenzake wa kuhakiki ni Ruvenia Stokes. Ulimwona kwenye maziko ya shemeji Lemuel, mumewe Arvella; ni yule mwanamke mnene mwenye kofia ya manyoya aliyekulazimisha ule. Ana mume aliyeharibika kifua kule wanakojengea meli, ana watoto wanne, na mshahara wake ndio chungu na ndio moto. Kila asubuhi huja na gari lake kumchukua Arvella, anapiga honi mara mbili, nami hutoka dirishani kumtukana, naye hunirudishia tusi lililo bora kuliko langu. Kwa mzaha mwanamke huyo anakaribia kunishinda, na hilo, nikisema mimi, ni sifa kubwa.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita chombo kilikuwa kikingojwa kuruka, na watu wa huko kazini walikuwa wakirudi makwao kwa ajili ya kubadili nguo tu. Jioni moja Arvella aliingia, akaketi mezani na kofia yake kichwani. Nilikuwa nimepika kuku, nimeoka mkate wa mahindi, na mboga nimezichemsha na mfupa wa nguruwe mpaka jirani akaja kuuliza kuna sherehe gani. Hakugusa. Nilimwambia chakula changu kimeliwa na maharamia wawili na askofu mmoja, na wote walilamba sahani. Hakucheka. Vidole vyake vilikuwa vikitembea juu ya kitambaa cha meza kama vinatafuta kitu kilichodondoka. Kesho yake vilevile. Siku iliyofuata nikaondoa sahani, nikaketi mbele yake, nikamwambia leo silali mpaka niambiwe nani amekufa.

Ya ndani ya kazi yao hawaruhusiwi kuyasema, wamekula kiapo. Alinipa ya nje tu. Ile siku ya kurudi, chombo hufunga breki kule juu, kisha huanguka baharini, na meli zinakuwa zimesambazwa kukingoja. Arvella ndiye aliyetengeneza jedwali la meli: breki zikichelewa kiasi hiki, mtu ataanguka hapa, zikichelewa kiasi kile, ataanguka pale, kimbilieni pale. Na katika jedwali lile, mstari mmoja aliuandika vibaya. Jicho liliteleza likachukua tarakimu ya mstari wa juu yake. Aliligundua mwenyewe akiwa katika kazi nyingine, karatasi ikiwa imekwisha chapwa na manahodha wamekwisha gawiwa.

Nikamuuliza kwani Ruvenia hakuhakiki. Akasema Ruvenia aliweka tiki. Hakukokotoa. Kazi zilikuwa zimemfika shingoni, akaona jina la Arvella juu ya karatasi, na katika miaka yote hiyo hajawahi kukuta kosa chini ya jina hilo, basi akaweka tiki na herufi zake, akaenda kwenye karatasi za watu wengine. Uvivu haukuwamo, Mama. Watu wasioaminiana wasingeweza kulifanya kosa lile. Linahitaji mapenzi.

Nakueleza jinsi lilivyokuwa zito. Mle ndani, mzungu akikosea, amekosea Bill, na kesho Bill anakuja kazini na mkate wake wa nyama. Sisi akikosea mmoja, tumekosea wote, hadi wasichana ambao bado wako shuleni na hawajaomba hata kazi. Akisema, anaweza kurudishwa kufundisha watoto jedwali la kuzidisha, na Ruvenia anaweza kutolewa kabisa, na wale watoto wanne wakale kofia ya manyoya. Asiposema, pengine hapana kitu. Wahandisi walishasema breki haziwezi kuchelewa kiasi kile hata zikitaka.

Mimi nilimshauri anyamaze. Nalisema wazi. Nilimwambia melini mpishi akidondosha nyama haiti mkutano. Anaiokota, anaipangusa, anaipeleka kwa nahodha ikiwa na jani juu. Nikajichekea mwenyewe. Arvella akanitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa:

“Hosea, na kama aliyemo majini ni wewe?”

Wewe unajua ile habari ya meli yetu wakati wa vita, ile nisiyoisimulia. Barazani nimekusimulieni Marseille na tumbili wa Dakar na yule mjane wa Naples, lakini ile ya usiku wa moto na mafuta juu ya maji, na sisi tumeshikilia ubao, tukiona taa za meli ya uokozi kwa mbali zikitutafuta mahali tusipokuwapo, ile hujawahi kuisikia kwangu. Yeye tu ndiye niliyemwambia, mara moja, nikiwa na homa. Wapo walioachia ubao wakati zile taa zikizunguka kule kule. Basi nilikwenda kuosha sahani safi.

Jumamosi Ruvenia akaja. Alisimama jikoni bila kuvua koti, akasema amesikia Arvella ana nia ya kulipeleka jambo kwa wakubwa. Arvella akasema ndiyo, Jumatatu, na atasema ni lake. Ruvenia akamuuliza na wakitaka kujua nani alihakiki je, maana herufi ziko pale, R.S., tena kazitia kwa mwandiko wake wa Jumapili. Akacheka. Kile kicheko kikaenda, kikaenda, kikageuka njiani. Akasema, “Miaka yote umenibeba, dada, leo ndiyo unanitua katikati ya daraja?”

Arvella akamwambia hamtui. Akamwomba kitu kimoja tu: Jumatatu awahi, aukokotoe ule mstari upya kutoka juu, kama alivyopaswa. Ruvenia akasema akikokotoa leo atakuwa anajichimbia kaburi. Akaondoka na mlango akauacha wazi. Mimi nilikuwa nimesimama na kijiko mkononi, na nilikuwa na mzaha mzuri sana ambao sikuutoa.

Jumatatu Arvella alitoka mapema, kofia, glavu, mkoba, akasimama kwenye kizingiti. Mimi dirishani. Barabarani yakapita maziwa, likapita gazeti, akapita mbwa wa jirani zetu akina Gaskins. Honi haikulia. Alingoja mpaka hata mimi nikajua haiji, akashuka ngazi akaenda kulikamata basi, mgongo umenyooka kama fimbo ya ufagio. Mama, nilimwona mtoto wako akienda, nikahisi kama namsindikiza hospitali.

Yaliyobaki alinisimulia yeye. Walikuwa katika mkutano, meza nzima ya wanaume mikono ya shati imekunjwa, na mkubwa wao Bwana Pruett akizungumza. Alipomaliza, Arvella akainuka, akaomba jedwali la meli. Wakampa wakidhani anataka kulisifu. Akatoa kalamu, si penseli, akapiga mstari mmoja juu ya ile tarakimu, akaandika nyingine kando, akatia A.B., ile B ya jina la marehemu mumewe. Akasema, “Hili ni kosa langu. Kuna meli imepewa mahali ambapo mtu hatakuwapo.”

Mmoja akauliza nani alihakiki. Arvella akajibu kwamba watu wamezoea kuliamini jina lake badala ya hesabu zake, naye aliliona na likampendeza, akaliacha. Akaomba kuanzia siku hiyo karatasi zake zihakikiwe na mtu asiyempenda. Mwanamume mmoja akacheka. Bwana Pruett hakucheka. Akamwambia atoke angoje nje.

Nje hapakuwa na kiti. Alisimama kwenye korido, watu wanapita wakijifanya wanasoma karatasi zao. Kengele ya chakula ikalia, wakaenda wakala, wakarudi, yeye yupo. Aliniambia alikuwa amekwisha ipanga kichwani barua ya kukuandikia kwamba anarudi huko nyumbani Warren County kufundisha, na alikuwa amefika mahali pa kukuomba usilie. Ndipo akamwona Ruvenia anakuja kutoka mwisho wa korido, na karatasi mkononi. Wino ulikuwa bado unang'aa. Alikuwa ameukokotoa, Mama, asubuhi nzima, kutoka mstari wa juu, na jibu lake na la Arvella yalikutana mpaka tarakimu ya mwisho. Akapita mbele ya Arvella bila kumtazama. Akabisha mlango, akaingia, akaufunga.

Hawakufukuzwa. Ruvenia alitolewa meza ile akapelekwa chumba cha nyuma, kazi ya chini kuliko aliyokuwa nayo, akaifanya. Manahodha wakapelekewa jedwali jipya. Na kila asubuhi Arvella akawa anakwenda kwa basi.

Siku ya kuruka mimi nilikuwa kanisani, jikoni kule chini, akina mama wanakaanga samaki na redio iko juu ya pipa la unga. Wakati wa kushuka ukafika, yule mtu wa redio akasema chombo kimeanza kurudi, na sauti ya rubani ikakatika. Husikii kitu, ni mlio wa hewa tu. Samaki wakaungua, hakuna aliyewageuza. Mimi ambaye nimewahi kutoa mzaha nikiwa nimebeba jeneza, niliinamisha kichwa. Wote mle walikuwa wakimwombea rubani. Mimi peke yangu ndiye niliyemwombea pia mwanamke mmoja na herufi zake mbili. Kisha ile sauti ikarudi, na meli ikamwona mtu akielea, karibu kabisa. Dada Odessa Pugh akapiga magoti palepale kwenye mafuta.

Breki hazikuchelewa. Ule mstari haukutumika. Mpaka leo hakuna aliyeuhitaji, na mimi nikimtazama Arvella nawaza alikuwa tayari kupoteza kila kitu kwa ajili ya mtu ambaye hakuanguka mahali hapo. Asubuhi ya pili yake honi ililia nje, mara mbili. Arvella alikuwa na kiatu kimoja. Alitoka hivyohivyo.

Sasa ndiyo nafika kwenye Ijumaa. Juma lililopita Bwana Pruett alimwita. Kazi hii yote inahamia Texas, wanajenga huko mji mzima wa kazi, na safari zijazo si za kuzunguka dunia tena, ni za mwezini. Anamtaka Arvella aende awe kiongozi wa wale wanaochora njia, jina lake liandikwe juu ya ripoti na si herufi mbili pembeni. Alimwambia watu wasiokosea anao tele, angalau wao ndivyo wasemavyo. Ajibu kufikia Ijumaa.

Arvella aliniambia amekwisha amua haendi. Akasema Texas kuna joto. Akasema kwaya ya hapa haina mwingine wa kuimba sauti ya pili. Akasema hajui huko mtu mweusi akitaka nyumba anabisha mlango gani. La mwisho ni kweli, lakini mwanamke aliyesimama korido siku nzima hatishwi na mlango. Mama, mimi na wewe tunajua anashikwa na nini. Siku tuliyomzika Baba, jikoni kwako, ulichukua mikono yetu ukaiweka juu ya Biblia, ukamwambia Arvella kwamba shule yetu ilikwisha darasa la saba na kwa ile ya mjini mfuko wetu ulitosha mtoto mmoja tu, na kwamba Hosea aliacha kitabu ili yeye asome, kwa hiyo asimwache Hosea peke yake maadamu wote wawili wako hai. Akaapa. Na yule hutunza neno kama atunzavyo tarakimu. Ile nyororo ya winchi iliponiponda mguu gatini, alinitoa hospitali akanileta chumba chake cha nyuma kabla sijamaliza kumwambia nina pa kwenda. Kila jioni anachemsha maji ya kunikanda, akisema ni ya chai.

Ndipo nilipomwambia habari ya hoteli. Nilimweleza kofia, zulia, dirisha, mchuzi wa kaa. Akaniuliza mwenye hoteli anaitwa nani, nikamjibu. Akaniuliza iko mtaa gani, nikamjibu. Nikangoja swali la tatu. Hakuliuliza. Alinitazama tu, kisha akafungua mkoba akanipa karatasi hizi za mistari unazozishika, na kalamu yake, akasema, “Mwandikie Mama. Mama akisema niende, nitakwenda.” Sasa yuko jikoni anaimba sauti ya pili peke yake, na hajachungulia hata mara moja.

Hapa, Mama, soma kimya. Shangazi Dicey, njegere.

Nilikusudia kumalizia kwa kukuandalia orodha ya vyakula vya hoteli. Nilikuwa nimefika kwenye samaki. Lakini mhakiki wa jambo hili ni wewe, hakuna mwingine, na ukimfungua mwanao kwa sababu ya ile kofia yangu nyeupe utakuwa umeweka tiki kwa kuwa umeona jina langu juu ya karatasi. Rudi ukurasa wa kwanza, utazame ile habari ya bahati. Nimeipiga mstari. Kalamu imepita mara moja tu, unaweza kuyasoma yote, na kando nimetia H.T. Haya ndiyo ya kuandika badala yake: goti halikunji. Nikisimama muda wa kukaanga yai, jasho linanitoka. Nimeuliza kazi gatini, kwa kinyozi, hata kwa yule anayeuza chambo cha samaki, na wote wananipenda sana. Arvella akienda na nyumba hii ikikabidhiwa mwenyewe, sina pa kulala ila kwako. Nilisema nitarudi huko na gari jeusi na mjane wa Naples pembeni. Nitarudi na fimbo. Kile chumba nyuma ya bomba la moshi, kama hujakijaza viazi, kitanitosha. Kumenya njegere naweza, Shangazi asogee kidogo.

Sasa kokotoa upya, Mama, kutoka juu. Nami nakuomba hata kwa hesabu hii chungu umwambie aende. Kiapo ulikiweka wewe, ni wewe tu unayeweza kukiondoa. Nilipokuwa mle majini, sikuwa nikitamani mtu wa kuja kuketi nami kwenye ubao. Nilitamani kuwe na mtu mahali fulani, mezani, mkavu, ambaye ameandika vizuri mahali nilipo. Kuna vijana watatumwa mbali kuliko nilivyowahi kufika mimi, na mimi ndiye niliyefika mbali kuliko wote katika ukoo wetu. Usimweke mtu huyo chumba cha nyuma akichemsha maji.

Peleka telegramu kabla ya Ijumaa. Neno moja linatosha, usiwape posta pesa za bure.

Nisalimie Mchungaji na umwambie bado nina deni la kisa cha tumbili. Msalimie Shangazi Dicey, ambaye najua ameisoma barua yote begani mwako. Wape salamu zangu wote wa barabara yetu, pamoja na kuku wanaotaga. Arvella anakuamkia. Ruvenia naye, yuko hapa mlangoni na sahani ya keki, ananiambia mwandiko wangu unafanana na njia ya mlevi.

Hoteli haipo, Mama. Haijawahi kuwapo.

Ni mimi mwanao,
Hosea Tarpley